Kazi ya Mtu Aliyesomea Watu

Kuna elimu ambazo kazi yake huonekana kabla mwanafunzi hajamaliza kusoma. Mwenye kusomea udaktari hutazamiwa hospitali, mwenye kusomea sheria hutazamiwa mahakama, na mwenye kusomea ujenzi huweza kupelekwa kwenye daraja la Mkapa, linalovuka mto Rufiji tangu mwaka 2003, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya mikono kama yake. Sosholojia, yaani elimu ya jamii, haina daraja la kuonyesha. Tunda lake jema aghalabu ni msiba ambao haukutokea, na msiba usiotokea hauwekewi jiwe la msingi. Kwa sababu hiyo vijana wengi huingia katika elimu hii kwa shauku, wakatoka kwa mashaka.

Mashaka hayo yalimpata binti mmoja wa Kibiti. Alirejea nyumbani na shahada yake, akakaa miezi mingi barazani kwa mama yake akiandika barua za kuomba kazi. Siku moja alifika mjomba wake kutoka delta, mzee wa jembe na mtumbwi, ameleta tenga la kaa sokoni. Baada ya shikamoo na marahaba mzee aliuliza:

"Mwanangu, nasikia umekwisha kusoma. Umesomea nini?"

"Nimesomea jamii, mjomba. Namna watu wanavyoishi pamoja."

Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema: "Vema. Na hao wanaoishi pamoja, wamekwisha kukuajiri?"

Binti alicheka kwa adabu, lakini usiku hakulala vizuri. Swali lile halikuwa la dhihaka. Lilikuwa swali la mtu aliyezoea kuona kila chombo kina kazi yake, kasia la maji na panga la kichaka. Lastahili jibu, na jibu lake halitoshi kwa kutaja ofisi peke yake.

Ofisi zipo. Halmashauri na kata zina maofisa maendeleo ya jamii. Kuna maofisa ustawi wa jamii, ambao hushughulikia watoto waliotelekezwa, wazee wasio na wa kuwatunza na ndoa zilizovunjika. Mwenye shahada ya sosholojia hukubaliwa kuomba nafasi za namna hiyo kwa njia ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Idara ya takwimu huhitaji watu wa kutunga maswali na wa kuyafahamu majibu: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania, na nyuma ya tarakimu hiyo kuna mamilioni ya milango iliyopigwa hodi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, huhitaji watu wa kuzitambua kaya maskini bila ya kuzidhalilisha. Vyuo huhitaji walimu, magazeti huhitaji waandishi, na mashirika huhitaji watafiti. Wapo hata walioongoza mataifa kutoka katika elimu hii. Eduardo Mondlane alipata shahada ya udaktari wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1960. Miaka miwili baadaye alikuwa kiongozi wa FRELIMO, akaiongoza akiwa Dar es Salaam mpaka alipouawa mjini humo Februari 1969.

Walakini orodha hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba nafasi ni chache kuliko waombaji, na haifai kumficha mwanafunzi jambo hilo. Ya pili ni kwamba tangazo la kazi mara chache hutaja jina la mwanasosholojia. Huomba mratibu, mchambuzi, mshauri, mhamasishaji au ofisa mahusiano. Mtu anayetafuta jina la elimu yake atapita mbele ya mlango wa kazi yake bila ya kubisha. Hapana budi atafute haja, wala si jina. Na haja ya kitu huonekana vizuri pale kilipokosekana. Kwa jambo hili hakuna haja ya kusafiri mbali na Kibiti. Delta ni shule ya kutosha.

Hapo mto Rufiji hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mgeni akitazama huona maji, miti na kamba. Mwenyeji huona pia mambo yasiyoandikwa: bamvua hufika wapi, mpunga wa nani huanzia wapi, na ni nani wa kuombwa ruhusa kabla ya kukata boriti.

Juu kidogo ya delta, katika uwanda wa mafuriko, watu wa Rufiji walijifunza tangu zamani kuishi mahali pawili. Walikuwa na nyumba, tena walikuwa na dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, ambamo jamaa hukaa msimu mzima wakiulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji yakipungua, hupandwa zao jingine katika unyevu ulioachwa na mto, nalo huitwa mlau. Basi mafuriko ambayo katika daftari la mgeni yaliandikwa kuwa maafa, katika hesabu ya mwenyeji yalikuwa pia mbolea.

Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalifuatwa na amri ya kuwahamisha watu wa uwanda huo kwenda ardhi ya juu, katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema, kwani shule, zahanati na usalama ni vitu vya kutamaniwa. Lakini ardhi ya juu haikuwa na rutuba ya bondeni. Watu wakawa na nyumba upande mmoja na chakula upande mwingine, na wengi waliendelea kushuka kwenye madungu yao kila msimu. Mtaalamu Kjell Havnevik, katika kitabu alichokitoa mwaka 1993, aliifanya Rufiji kuwa mfano wa kikomo cha maendeleo yanayopangwa kutoka juu. Wapimaji wa ardhi hawakukosekana wakati ule. Alikosekana mtu wa kuuliza, na wa kusikilizwa baada ya kuuliza: Mkulima huyu, kwa nini ana makazi mawili?

Miaka ya 1990 lilikuja jambo jingine. Kampuni moja ilitaka kufuga kamba ndani ya delta katika eneo la maelfu ya hekta. Wataalamu wa mazingira walionya, lakini Serikali ilitoa kibali mwaka 1997. Wenyeji hawakuwa na sauti moja, maana wengine walitumaini ajira; walakini wengi waliona kwamba mashamba na njia zao za uvuvi zingepotea, wakapeleka shauri mahakamani. Mradi ule haukujengwa. Leo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza, na athari kwa watu ni sehemu ya uchunguzi huo. Hapo ndipo ulipozaliwa mlango wa kazi ambao wazee wa elimu hii hawakuwa nao: mwanasosholojia hukaa meza moja na mhandisi na mtaalamu wa viumbe, akiulizwa nani atahama, nani atalipwa, na ni kitu gani hakilipiki.

Afya nayo ilifungua mlango. Mwaka 1998 ulianzishwa katika Rufiji, Kibiti ikiwa sehemu yake wakati ule, mpango wa kufuatilia uzazi, vifo na uhamaji wa watu, nyumba kwa nyumba, mara tatu kila mwaka. Wilaya ikaweza kulinganisha fedha inazotumia na maradhi yanayowaua watu wake. Lakini hesabu ya vifo haisemi kwa nini mama alichelewa kufika zahanati. Pwani ya Tanzania, watafiti walioketi na akina mama walifahamu kwamba degedege ya mtoto haikuhesabiwa kuwa malaria. Ilidhaniwa kuwa kazi ya pepo, na wengine waliogopa kuwa sindano ingemwua mgonjwa. Mtu asiyejua hofu hiyo angeongeza dawa rafuni na kushangaa kwa nini kaburi haziishi. Aliyeijua aliweza kumshauri mwuguzi aseme nini, na aanze na nani, bibi au mama.

Tena kuna kimya ambacho hakitaki haraka. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika Kibiti na jirani zake. Mwezi wa Aprili 2017 peke yake askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Mahali palipoonja hofu namna hiyo, mgeni mwenye daftari na maswali juu ya majina na safari za watu hufanana na mpelelezi. Anayekwenda huko bila ya kujua hayo atarudi na majibu mengi yasiyo na ukweli, naye ataziita takwimu.

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena Rufiji na Kibiti, yakachukua nyumba na mashamba. Juu ya mto lilikuwa limekwisha kusimama bwawa la Julius Nyerere, lenye kukusudiwa kutoa megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Wengine walililaumu bwawa. Wengine walisema lilizuia maji ambayo yangeleta madhara makubwa zaidi. Yule binti wa Kibiti alipata kazi ya majuma machache kuandika kaya zilizopata hasara. Alishuka Nyamisati, akapanda mashua, akaingia delta.

Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja wa makazi. Kwa siku mbili aliujaza kama alivyoagizwa. Siku ya tatu alifika kwa mjomba wake, akamkuta ameketi mbele ya nyumba iliyo nzima kabisa. Kwa karatasi ile mzee alikuwa hakupoteza kitu. Dungu lake lilikuwa limekwenda na maji, pamoja na vyungu, nyavu na mbegu ya mwaka uliofuata.

Binti alisimamisha kalamu. Jioni aliwaandikia waliomtuma kwamba katika nchi hii mtu huishi mahali pawili, na kwamba wenye kupoteza zaidi ndio wanaoandikwa kuwa hawakupoteza. Aliomba mstari wa pili. Hakujua kama wangekubali au wangemwachisha kazi kwa kuchelewesha hesabu. Jibu lilikuja baada ya siku nne: mstari uongezwe, na nyumba zilizokwisha kuandikwa zirudiwe. Hakulipwa nyongeza kwa siku za kurudia.

Hapo ipo kazi yenyewe, na hapo upo mtihani wake. Wapo wanaomwajiri mwanasosholojia ili awaulize watu, na wapo wanaomwajiri ili apate ndiyo yao. Wote hutumia maneno mamoja katika tangazo, na mshahara wa pili huweza kuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Mwenye mradi hutaka muhtasari wa mkutano wenye sahihi za wanakijiji; mwanafunzi wa jamii anajua kwamba sahihi huweza kutolewa kwa heshima, kwa woga au kwa posho ya nauli. Akinyamaza, elimu yake imekuwa kamba ya kuwafungia wale aliowasomea. Akisema, huenda mkataba usiandikwe tena. Hakuna chuo kiwezacho kumwondolea mwanafunzi uchaguzi huo, lakini chuo kinachomficha kwamba upo kinamdhulumu.

Mwanafunzi wa sosholojia ana vitu vya kujifunza kabla ya kulalamika kwamba soko halimtaki. Na ajifunze hesabu za takwimu, maana hoja isiyo na tarakimu hufukuzwa mezani. Na aisome Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, maana nusu ya magomvi atakayoyakuta ni ya ardhi. Na aandike Kiswahili ambacho mwenye shamba atakifahamu akisomewa. Juu ya yote ajizoeze kuketi, kwani watu hawasemi jambo la maana katika robo saa ya kwanza.

Mkataba wa binti ulipokwisha, alipita kumwaga mjomba wake. Mzee alikuwa amekata nguzo mpya, anasimamisha dungu.

"Basi, mwanangu," alisema bila ya kuacha kazi, "wamekuajiri?"

"Kwa majuma sita, mjomba. Sasa natafuta tena."

Mzee alipima nguzo kwa jicho, akaishindilia katika tope. "Tafuta," alisema. "Ule mstari wako wa pili umewafikia watu wengi huku. Shika hapa, usiiache ikalala."

Binti aliweka mkoba chini, akashika.