Stori ya Kazini Isianze na Bosi

Kila mwezi napokea barua pepe za namna moja: "Kampuni yetu inajali wafanyakazi." Ukifungua picha, unamwona meneja anakabidhi fulana, pembeni kuna keki. Hongera zao, lakini msomaji wangu wa Bukoba mwenye mtoto wa miezi minne afanye nini na fulana ya mtu mwingine?

Mimi nahariri ukurasa wa kazi na maisha, na ninachotafuta ni kidogo tu: nani kanufaika, na kabla ya hapo alikuwa anaishije. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, na baba anapata angalau siku 3. Anayeniambia "sisi tunatoa siku 84" ameniambia tu kwamba anatii sheria. Akisema kwao baba anakaa nyumbani wiki 2 na mshahara wake, hapo nashika kalamu.

Stori nzuri kuliko zote haikutoka kwa afisa uhusiano. Alinipigia kaka mmoja wa Muleba. Mkewe ni karani Bukoba mjini, anapanda basi alfajiri, mtoto anabaki kwa bibi. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama kunyonyesha hadi masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, na ofisi haikumnyima. Ila aende Muleba, anyonyeshe, arudi, kwa masaa 2? Labda awe na mabawa! Aliomba ayatumie jioni, atoke saa 9 badala ya saa 11. Bosi akagoma.

"Dada, iandike, na ofisi uitaje."

"Wifi anajua umenipigia?"

Kimya. Jamani, wanaume! Nia njema kabisa, lakini mshahara utakaokatika ni wa mwenzako. Na Bukoba ilivyo ndogo, ukitaja ofisi asubuhi, jioni hata wauza senene wanamjua karani mwenyewe. Nikamwambia wakazungumze kwanza, simu inayofuata apige mwenye kazi yake.

Siku ya nne akapiga. Hakutaka kutajwa popote. Alitaka kujua barua ya kuomba ruhusa ile aiandikeje, sheria aitaje bila kuonekana mgomvi. Tukaiandika kwenye simu, ukurasa mmoja. Jibu bado anasubiri. Mtoto anakunywa maziwa aliyokamuliwa alfajiri, kwa kikombe.