Kundi la damu nililolifunga

Leo niwape kisa cha kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandikia zahanati moja programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Sehemu ya kundi la damu niliifunga: ukishaijaza, haibadiliki tena. Nilijiona mwerevu, kwani nilijua mtu huzaliwa na kundi lake na kufa nalo.

Siku moja muuguzi akanipigia simu. "Kijana wangu, tarakilishi yako inanibishia. Huyu mama alikuwa A, sasa ni O."

"Hilo haliwezekani, sista."

"Amepandikizwa uboho wa kakake. Njoo urekebishe!"

Nilienda na aibu, nikarudi na maswali. Kumbe ndani ya uboho wa mifupa mna seli shina, chache mno, zinazozaa damu yote. James Till na Ernest McCulloch walizionyesha kwa majaribio ya panya huko Toronto mwaka 1961. Mwenye saratani ya damu hupewa dawa kali za kuua uboho wake, kisha hutiwa seli za mtu mwingine mshipani, kama anayeongezwa damu. Zenyewe hujua njia ya kwenda mifupani, na baada ya wiki 2 hadi 4 hivi huanza kuzaa.

Mbona basi makundi yasilingane? Kinacholinganishwa ni alama za kinga ziitwazo HLA, ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Jeni ya kundi la ABO iko kwenye ya 9. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana nawe kwa HLA, na bado mkatofautiana kundi. Chembe nyekundu za zamani huishi siku 120 hivi. Zikiisha, unabaki na damu ya kakako.

Sasa fikiria mtu angeiamini skrini yangu, amwongeze yule mama damu ya A. Kinga mpya aliyopata kwa kakake ingeweza kuishambulia. Kilichomkinga si programu yangu, ni muuguzi aliyeamini kipimo.

Siku hizi kila kundi la damu naliandika pamoja na tarehe ya kupimwa. Nawe mwenzangu unayeandika programu, ni sehemu gani umeifunga ukidhani haibadiliki?