Mwaka wa Mweka Hesabu wa Garsen

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa mno shuleni na sokoni, na hapana shaka ina ukweli wake. Jambo isilolisema ni nani atakayelitunza daftari hilo, wala yeye mwenyewe ataupangaje mwaka wake ili kazi isimshinde. Swali hilo limemkabili kwa miaka kadhaa mwanamke mmoja mjini Garsen, katika Kaunti ya Tana River, ambaye riziki yake hutokana na kuwawekea wengine hesabu. Wateja wake ni wenye maduka ya rejareja, mwenye bucha, muuza dawa za mifugo, wachuuzi wa maembe na kikundi kimoja cha kina mama wanaochangiana. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma, kikokotoo na tarakilishi kuukuu.

Alianza Januari 2021. Kama ilivyo ada ya watu wengi mwaka unapoanza, aliketi akaandika malengo kumi na mawili: kupata wateja 30, kununua mashine ya kupiga chapa, kufungua tawi Malindi, mji ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, na mengine ya aina hiyo. Yalikuwa malengo mazuri kuyasoma. Hakujua kwamba mvua za vuli za mwaka uliotangulia zilikuwa zimefungua ukame wa misimu mitano mfululizo, ukame ambao serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Mifugo ilikufa, wafugaji wakaacha kununua, wenye maduka wakaacha kulipa. Kufikia Desemba hapakuwa na lengo hata moja lililotimia, naye akajiona mzembe.

Kujilaumu huko hakukuwa na haki. Tatizo halikuwa uvivu, bali lilikuwa katika namna malengo yenyewe yalivyoundwa, na aliyemfumbua macho hakuwa mhasibu. Alikuwa mzee mwenye duka ambaye hakuwa amemlipa kwa miezi mitatu. Siku moja aliamua kumwendea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Najua kilichokuleta."

"Ni ile ada yangu, baba. Miezi mitatu sasa."

Mzee hakukasirika. "Mwanangu, wewe wanidai kwa mwezi, nami nawadai watu kwa mvua. Ng'ombe akinenepa nitalipwa. Nikilipwa, utalipwa."

Maneno hayo alirudi nayo ofisini. Usiku huo alichukua karatasi na kuchora mwaka upya, si mwaka wa kalenda ya ukutani bali mwaka wa Mto Tana. Kiangazi kinapokolea, wafugaji huteremsha mifugo yao hadi kwenye malisho ya delta, na fedha za mnada huzunguka mjini. Masika huja kati ya Machi na Mei. Mto huweza kufurika na barabara kukatika. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, na kuanzia Novemba hivi maembe hukomaa, nao Wapokomo walio kandokando ya mto hupata cha kuuza. Januari, mwezi ule ule ambao yeye aliuchagua kuanza mwaka wake, ni mwezi wa karo: kila mteja ana watoto wa kupeleka shule na hakuna asikiaye habari ya ada ya mweka hesabu.

Kwa hiyo akauhamisha mwanzo wa mwaka wake hadi tarehe 1 Julai. Uamuzi huo ulikuwa na faida nyingine. Ripoti za kodi ya mapato za kila mwaka hutakiwa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya kabla ya Juni kwisha, na mwaka wa fedha wa serikali nao huanza Julai. Mweka hesabu aliyekwisha kuwawasilishia wateja wake ripoti huwa na wiki chache za utulivu, na masika huwa yamepita. Huo ndio wakati wa kufikiri.

Hapa msomaji wa Kiswahili yafaa atue kidogo. Lugha yetu ina matamanio, matarajio, nia, shabaha na lengo, na aghalabu maneno haya huchanganywa kana kwamba ni mamoja. Mweka hesabu huyu, minghairi ya kusomea isimu, aliyatenga kwa kipimo cha kazi yake mwenyewe: lile lisiloweza kuingizwa katika safu ya daftari na kuwekewa alama ya ndiyo au la, kwake si lengo. "Kukuza biashara" akalifuta. "Kuwa na wateja 30" akalifuta pia, na sababu yake inafaa kuelezwa. Alihesabu akaona kila mteja humchukua siku moja na nusu kwa mwezi. Wateja 14 ni siku 21. Mwezi una siku za kazi zipatazo 26, na tano zinazobaki ni za kufuatilia madeni, kwenda benki na kuugua. Wateja 30 wangempa sifa mjini na vitabu vilivyojaa makosa.

Malengo ya mwaka ulioanza Julai 2022 yakawa manne tu. Wateja wasizidi 14. Kila kitabu kifungwe kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, ili wanaolipa kodi ya mauzo ghafi wawe na nafasi ya kutosha kabla ya tarehe 20. Madeni yadaiwe majira ya mnada na ya maembe, si Januari. La nne halikuhusu fedha: daftari la mteja lisifunguliwe kamwe mbele ya mteja mwingine. Katika mji mwingine lengo hilo lingeonekana adabu ya kawaida. Hapa palitokea mauaji ya mwaka 2012 na 2013 baina ya jamii za wakulima na wafugaji, na madaftari ya Mpokomo na ya Muorma hukaa katika kabati moja. Neno moja tu kuhusu nani ana nini na anamdai nani lingetosha kumfungia milango ya upande mmoja, pengine ya pande zote mbili.

Mwaka huo ulikwenda vyema. Uliofuata, akaongeza lengo la tano: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, vitabu vyote vipigwe picha kwa simu na picha zihifadhiwe mbali na Garsen. Ulikuwa pia mwaka wa mabadiliko ya kodi, kwani kuanzia Julai 2023 kodi ya mauzo ghafi ilipanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, na wateja walikuwa na maswali mengi. Kufikia mwisho wa Oktoba alikuwa amepiga picha vitabu tisa. Vitano vilibaki, na kimojawapo kilikuwa cha kile kikundi cha kina mama.

Novemba 2023 mto ulivunja kingo zake. Maji yaliingia vijijini, barabara ya kwenda Lamu ikakatika, watu wakahamia sehemu za miinuko. Kitabu cha kina mama kilikuwa nyumbani kwa mweka hazina wao, karibu na mto. Kilipopatikana kilikuwa donge la karatasi na wino wa buluu.

Kikundi kilikuwa na wanachama 22, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa wiki. Walikutana juu ya mikeka chini ya turubai, na mweka hesabu akaanza kukijenga kitabu upya. Waliotuma michango kwa M-Pesa walikuwa na ujumbe katika simu. Waliotoa taslimu walikuwa na kumbukumbu zao tu, na kila mmoja alisimama akataja alichotoa. Jumla ilipopigwa, ilizidi fedha zilizokuwapo, zikiwamo zilizokopeshwa, kwa shilingi 4,400. Kimya kilitanda. Kila mmoja aliangalia pembeni, na wawili watatu wakamwangalia mweka hazina, aliyekuwa amepoteza nyumba na bado hajaketi.

Mweka hesabu aliwaambia waziwazi kwamba kosa la kutokuwa na nakala lilikuwa lake. Ndipo mama mmoja mtu mzima akauliza kila mtu akipunguziwa wiki moja itakuwaje. Ikapigwa hesabu: 22 mara 200 ni 4,400. Wakakubali, ingawa si wote kwa moyo mkunjufu.

Masika ya 2024 yalileta mafuriko mengine, na kikundi kikayavuka. Julai ilipofika, mweka hesabu aliketi tena na karatasi yake. Lengo la tano alilisoma mara nyingi kabla ya kuliona pengo lake. Lilisema vitabu vipigwe picha, wala halikusema nani atakileta kitabu kutoka kijijini, kwa chombo gani, na nauli itoke wapi. Yeye aliyefuta "kukuza biashara" kwa kuwa halipimiki, alikuwa amejiandikia tamanio jingine lililovaa nguo za lengo.

Akaliandika upya: kitabu cha kina mama kiletwe mjini kwa bodaboda kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nauli itolewe katika ada yake na iandikwe kama gharama ya ofisi. Akampelekea mweka hazina alisome.

"Na maji yakiwa barabarani, mwanangu?"

Mweka hesabu akachukua karatasi, akaongeza maneno mawili baada ya bodaboda: "au mtumbwi." Kisha akauliza nauli ya mtumbwi ni shilingi ngapi, akaiandika pembeni kwa penseli, maana bei hiyo hupanda na maji.