Hamburg, kwenye Ukumbi wa Callas

Mtu wa Pwani akifika Hamburg kwa mara ya kwanza humkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezikwa huku, katika makaburi ya Ohlsdorf. Nami nilimkumbuka niliposhuka kwenye treni ya kutoka Berlin. Ila safari hii nilimfuata mwanamke mwingine: mwimbaji wa opera Maria Callas.

Rekodi za kumsikiliza ni tele. Za kumtazama ni haba mno. Hakuna opera hata moja aliyorekodiwa kwa video jukwaani toka mwanzo hadi mwisho. Tumeachiwa vipande tu: tendo la pili la Tosca, Paris 1958 na London 1964, pamoja na matamasha machache, yakiwemo mawili ya hapa Hamburg, 1959 na 1962. Lile la Mei 1959 nimelitazama miaka mingi.

Kutoka kituo cha Gänsemarkt ni mwendo mfupi hadi Laeiszhalle, ukumbi wa tamasha lile, uliofunguliwa 1908 kwa fedha za wasia wa mwenye meli Carl Laeisz. Nikakata tiketi ya tamasha la jioni hiyo, kiti cha bei rahisi, juu kabisa nyuma.

Katika video ile ya 1959, kamera imemsogelea. Wimbo wa malkia Elisabetta katika Don Carlo ya Verdi hutanguliwa na muziki mrefu wa okestra peke yake. Malkia yuko mbele ya kaburi. Callas amenyamaza, lakini uso wake unapita kwenye huzuni, kumbukumbu, kiburi, uchovu. Anapofungua kinywa tumeshajua aliyopitia. Waimbaji wengi hapo hungoja zamu yao. Yeye alishaanza kazi tangu noti za kwanza.

Jioni ile soprano kijana alisimama mahali palepale, na kutoka kwangu juu uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Ndipo nilipoielewa mikono ya Callas. Opera haiimbwi kwa kipaza sauti: sauti tupu huvuka okestra nzima hadi ukuta wa nyuma, na mwili nao lazima ufike huko. Ndiyo maana ishara zake ni chache, kubwa, na huzishikilia. Aliwaimbia watu wa viti vya juu. Kamera ilimkuta tu njiani.

Wako wanaosema kufikia 1959 sauti yake ilishachakaa. Kweli, noti za juu zinatikisika. Lakini nani mwingine angetufanya tumtazame mtu aliyenyamaza dakika kadhaa bila kupepesa macho?

Asubuhi yake nilikata tiketi ya Paris, kwenda Palais Garnier. Katika ile Tosca aliyoiimba humo 1958, anapokiona kisu mezani pa Scarpia, mkuu wa polisi, anaganda. Nataka kupanda hadi ghorofa ya juu kabisa nipime mwenyewe kuganda kule kulisafiri umbali gani.