Jina Nililoliandika

Mwaka 2013 nilikuwa mtendaji wa kijiji mkoani Kagera, na niliandika jina la mzee mmoja, raia wa nchi hii, kwenye orodha ya wahamiaji haramu. Hakuna aliyenilazimisha. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikijitetea moyoni kwamba nilikuwa natekeleza agizo. Lakini agizo halikumtaja yeye. Aliyemtaja ni mimi.

Mwishoni mwa Julai mwaka ule Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani kwetu, aliwapa siku 14 wageni wanaoishi nchini bila kibali waondoke wenyewe. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu katika Kagera, Geita na Kigoma. Katikati ya hayo nikatakiwa kupeleka majina.

Jirani wa mzee yule, ambaye mashamba yao yalipakana, alikuja ofisini akaninong'oneza kuwa baba wa mzee alitokea ng'ambo ya mto Kagera. Sikumuuliza alijuaje. Sikujiuliza shamba likibaki wazi atalima nani. Mzee alikuwa mfugaji, jina lake la ukoo lilikuwa la Kinyarwanda, na kwangu hayo yakatosha kuwa ushahidi. Naona aibu kuyaandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee aliposikia, alikuja mwenyewe. Alibeba mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Nilimwamkia, akaitikia, akauweka mfuko mezani. "Mwanangu mtendaji, karatasi zangu ni hizi. Naomba uzisome." Nje watu walikuwa wamejaa, nami nilikuwa na haraka ya kupeleka orodha wilayani. Nikamrudishia mfuko bila kuufungua. "Mzee, hayo utayaeleza huko mbele."

Hakupata pa kuyaeleza. Yeye na mkewe walivuka mto kwa hofu ya kuja kukamatwa usiku, wakaenda nchi ambayo hawakuwa na ndugu wa kuwapokea. Ng'ombe wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa. Shamba analo jirani mpaka leo.

Mfuko ule aliuacha kwa binti yake aliyeolewa kijiji cha pili, na ni huyo binti aliyenionyesha, baada ya mimi kuacha kazi. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo cha baba wa mzee kutoka misheni ya upande wetu wa mto, cheti cha mzee mwenyewe kutoka misheni hiyohiyo, stakabadhi za kodi zilizoliwa na mende pembeni, na kadi ya mpigakura. Aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake hata mmoja akiwa amezaliwa humo, alipata uraia siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, bila kuomba. Vile vyeti viwili vingetosha kunifanya nisimamishe kalamu na kuuliza. Kuvisoma kungechukua dakika chache.

Na nakala ya Katiba ilikuwa kabatini mwangu. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kutofukuzwa kutoka katika Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 13 inataka mtu asikilizwe kikamilifu kabla haki yake haijaamuliwa, na awe na pa kukata rufaa. Hata angekuwa mgeni kweli, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unasema mgeni aliyeingia kihalali hafukuzwi ila kwa uamuzi uliofuata sheria, na unakataza kufukuza watu kwa mkumbo kwa sababu ya taifa au kabila lao. Mimi nilimhukumu mtu kwa jina la ukoo na kwa mifugo yake.

Baadaye nilisoma shauri la Anudo Ochieng Anudo. Tanzania ilimsukuma hadi Kenya mwaka 2014 kwa madai kuwa si raia, Kenya nayo ikamkataa, akabaki anaishi kwenye ardhi isiyo ya nchi yoyote mpakani Sirari. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zake, na kwamba serikali ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kuwa si raia. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Mimi nilikuwa nimemtaka mzee athibitishe, na alipoleta uthibitisho nikakataa kuutazama.

Watendaji na wenyeviti mliopo mipakani, ukiletewa jina, muite mwenye jina. Fungua mfuko wake mbele ya mashahidi, andika alichosema, na muulize mleta habari anapata nini mtu huyo akiondoka.

Na kwenu watoto wa mzee: mkilipeleka shamba la baba yenu Baraza la Ardhi, niiteni. Nitakuja kutoa ushahidi kwamba jina lake niliandika mimi, bila kumsikiliza.