Kati ya Makerere na Mulago: Vilima Viwili vya Mwanafunzi wa Afya

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na mgeni hupimwa kwanza na vilima hivyo kabla hajapimwa na mtu yeyote. Kaskazini ya mji viko viwili vinavyotazamana: Makerere, penye Chuo Kikuu, na Mulago, penye hospitali kuu ya taifa. Bondeni kati yao pana Wandegeya, mtaa wa maduka, kelele na moshi wa vyakula. Atokaye chuoni kwenda hospitalini hana budi ateremke hadi Wandegeya, kisha apande tena. Kwa mtu asiye na haraka, huo ni mwendo wa kama nusu saa.

Njia hiyo fupi ina historia ndefu. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mulago ilikuwa imetangulia mwaka 1913, ikiwa mahali pa kutibia magonjwa ya zinaa. Mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924, na hospitali mpya ikafunguliwa mwaka 1962, mwaka uleule Uganda ilipopata uhuru. Ni hapo Mulago ambapo Shule ya Afya ya Umma ya Makerere ilikaa kwa miaka mingi. Shahada yake ya pili, iliyoanzishwa mwaka 1994, haikukusudiwa kumfungia mwanafunzi darasani. Sehemu kubwa ya masomo ilifanyika wilayani, katikati ya wananchi.

Hebu msomaji amfikirie mwuguzi wa zahanati ya polisi, mama wa watoto wawili, aliyepewa ruhusa ya kwenda kusomea shahada hiyo baada ya miaka kumi ya kazi. Mumewe ni askari aliye mbali na nyumbani; watoto wamebaki kwa bibi yao. Kwa kuwa ameacha mengi, mama huyu anaona kila saa isiyo ya kitabu ni saa iliyoibwa. Hukesha na hesabu za takwimu hadi saa tisa za usiku. Asubuhi hupanda bodaboda kwenda Mulago. Mchana hununua roleksi, ile chapati ya Wandegeya iliyoviringishwa pamoja na mayai, akaiteremsha kwa soda huku akisoma. Akiulizwa hali, hujibu, “Nitapumzika nikimaliza.”

Miezi inapita. Siku moja wanafunzi wanapimana presha kwa mazoezi, na ya kwake inaonekana imepanda. Inarudiwa baada ya kupumzika, nayo haishuki. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaonya askari juu ya maradhi hayohayo! Jioni anampigia simu mama mkwe, naye bibi anamjibu kwa upole: “Mwanangu, hawa watoto hawangojei cheti. Wanakungojea wewe.”

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Mulago yenyewe ina somo juu ya mambo haya. Dakt. Denis Burkitt, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifanya kazi hapo ya upasuaji. Mwaka 1958 alitangaza habari za uvimbe wa saratani wa taya za watoto, ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motakaa kuukuu, maili zipatazo 10,000, wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Baadaye, huko Uingereza, alijulikana kwa kuhimiza vyakula visivyokobolewa, maharage, mboga na matunda, kwani alikuwa ameona Afrika jinsi baadhi ya magonjwa ya nchi tajiri yalivyokuwa haba kwa watu waliokula hivyo. Chakula alichokisifu kingali kinauzwa Wandegeya, hatua chache kutoka meza ya roleksi.

Mwuguzi wetu basi anakwenda kwa daktari kwanza, kwa maana kutembea si badala ya matibabu. Kisha anapanga siku zake upya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa juma, angalau. Naye anagundua kwamba kwenda Mulago kwa miguu siku tano kunamtimizia hesabu hiyo bila senti moja. Mchana anakula matoke, maharage na mchicha, na machungwa badala ya soda. Usiku kitabu kinafungwa mapema ili apate saa saba za usingizi. Jumapili ni ya watoto: akiweza husafiri, asipoweza huzungumza nao kwa simu.

Mpango huu una gharama yake. Kuna kurasa zitakazosomwa kesho, na pengine alama moja au mbili zitapotea. Lakini mwenye usingizi wa kutosha husoma ukurasa mara moja, ambapo aliyekesha huusoma mara tatu.

Asubuhi korongo wakubwa wa Kampala hukaa juu ya miti na mapaa, wakiwatazama wapandao. Mwezi wa kwanza mama huyu alisimama mara mbili njiani kutafuta pumzi. Sasa hufika juu akizungumza. Siku moja atarudi kambini na shahada yake. Kabla ya kusikiliza anasema nini, askari watatazama anavyotembea.