Mwache Mfiwa Alie

Je, umewahi kwenda matangani ukamwambia mfiwa, "Usilie, kazi ya Mungu haina makosa"? Mimi nimewaambia wengi maneno hayo. Uzito wake niliujua siku tulipoambiwa sisi.

Ndugu yangu mdogo alifariki katika ajali ya barabarani siku chache kabla ya Pasaka. Mama alipoangua kilio, wenzake wa kanisani walimzunguka wakimwimbia pambio na kumhimiza ashukuru, kwani yeye ni mtu aliyeokoka. Akanyamaza. Nikadhani amefarijika, kumbe ameyameza machozi. Kwa miezi mitatu hakulala vyema, na chakula alikigusagusa tu. Kanisani watu wakiimba, yeye alisimama kimya.

Aliyemsaidia ni jirani yetu muuza mboga. Kila jioni alikuja, akaketi jikoni na kumsaidia mama kukata sukuma wiki. Hakuhubiri. Jioni moja mama alilitaja jina la marehemu, akaanza kulia, na jirani akalia pamoja naye mpaka ugali ukaungua. Usiku huo mama alilala hadi asubuhi.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata Biblia haituharakishi. Yesu alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro alijua kwamba atamfufua, lakini alilia kwanza. Rafiki zake Ayubu nao waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua midomo kumweleza sababu ya mateso yake.

Sisi Wakenya tuliionja Pasaka chungu mwaka 2015. Alhamisi Kuu, Aprili 2, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Jumapili ya Aprili 5 makanisa yalipotangaza kwamba Bwana amefufuka, baadhi ya wazazi walikuwa bado Nairobi wakiitafuta miili ya watoto wao. Ungemwambiaje mzazi kama huyo apige makofi?

Sisemi kwamba tuache kuimba Pasaka. Tumaini ndilo nguzo ya imani yetu. Lakini kabla ya Jumapili kuna Ijumaa Kuu, na katikati kuna Jumamosi ambayo kaburi lilikuwa limefungwa na wanafunzi wa Yesu hawakuwa na la kusema. Tusimvute mfiwa kwa mkono tumrushe siku hizo mbili.

Basi ndugu msomaji, ukienda kuhani, punguza maneno. Teka maji, pasua kuni, osha vyombo, kisha uketi. Akilia, mwache alie. Tena rudi baada ya mazishi, wakati hema zimeng'olewa na viti vya kukodi vimerudishwa, kwa maana hapo ndipo upweke huanza.

Pasaka iliyofuata mama aliimba kanisani. Machozi yalimtiririka tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuna aliyemwambia anyamaze.